Asumini Hazikupita Mlangoni Petu

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini hukunilea niingie katika mazungumzo na mkubwa bila salamu, na sitaki kuanza utovu wa adabu leo kwa kuwa tu umetangulia. Shikamoo, mama.

Nimerudi Tanga. Baba Rehema amehamishiwa kazi bandari ya huku, tumepanga chumba na ukumbi Usagara, na wiki iliyopita niliona si vizuri kukaa mji huu bila kwenda Chumbageni kuitazama bustani yenu. Nikwambie ukweli, nilikwenda kwa shari. Nilikwenda maneno yangu yako tayari mdomoni, ya kuwaambia wale wanawake waliokutupa. Nimerudi na jambo linalonikosesha raha, jambo ulilostahili kuambiwa wewe ungali hai. Kwa kuwa huambiki tena naliandika, na atakayelisoma alisome.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia kwenye uchungu sitafika mwisho.

Unakikumbuka kile kiwanja kilivyokuwa kabla yenu? Bibi mmoja tajiri asiye na mtoto alikiacha wakfu ili wanawake wa mtaa wapande humo, na kwa miaka mingi hakikuota kitu ila mbigili. Bi Mwantumu ndiye aliyewakusanya. Mkakiita Chama cha Bustani, jina kavu kabisa, kwa sababu kila mmoja alitaka kiitwe jina la bibi yake na hamkuafikiana. Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo. Wote mnalima pamoja, hakuna cha tuta langu wala tuta lako, na asiyetokea anapelekewa jembe lake nyumbani na kuegemezewa mlangoni, wapita njia walione. Wewe ulipelekewa mara moja tu, siku uliyokuwa na homa. Ulilichukua lile jembe ukaenda nalo bustani hivyo hivyo unatetemeka, na njia nzima unamtukana Bi Mwantumu. Alipokuona alikupokonya jembe, akakulaza juu ya gunia kivulini, akakupikia uji. Ndivyo mlivyopendana nyinyi, kwa matusi.

Siku nyingine kila mtu na matuta yake: mchicha, bamia, biringanya, majani ya kunde. Bwana Shamba alikuja na mbegu za kabichi na kamba ya kunyooshea mistari, akawahutubia nusu ya asubuhi. Ulimsikiliza kwa heshima zote, kisha ukamwuliza, "Na hili kabichi, Bwana Shamba, bibi arusi atalivaa wapi?" Hata yeye alicheka, na toka siku ile alipokuja alipelekwa kwenye asumini kwanza.

Maana mboga mlipanda kwa ajili ya vyungu, lakini roho zenu zilikuwa kwenye asumini. Ulikuwa ukiamka mapema kwenda sokoni kuomba matumbo ya samaki, ukayafukie chini ya mashina, na ukirudi watu wanakupisha njia kwa uvundo. "Wanipishe tu," ulisema. "Ikifika Alhamisi watanijia wenyewe kutaka harufu nyingine." Na Mama Ana, yule Mshambaa wa Lushoto, mke wa mtu wa reli, akawafundisha kukata matawi. Alikata bila huruma. Mlipoviona vile vijiti vitupu, Bi Mwantumu nusura amfukuze chamani, akisema Walutheri hawajui asumini. Zikaja mvua za vuli, vijiti vikajaa tumba mpaka zikakosa pa kukaa. Wewe ukampa Mama Ana jina la Kinyozi, na akaitwa hivyo mtaa mzima.

Ila nikikumbuka raha yako, mama, naikumbuka saa ile baada ya sala ya alasiri. Asumini huchumwa kabla haijafunguka, ndivyo ulivyonifundisha: ua lililokwisha kucheka mtini limekwisha kazi. Mnajaza vikapu vilivyotandikwa jani la mgomba, mnakuja navyo moja kwa moja uani kwetu, kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na bustani. Mnatunga makoja ya maarusi, mnafunga vikuba vya mrehani na mkadi vya wanawake kuvaa, na ndimi zinafanya kazi kuliko sindano. Wewe ulitunga bila kutazama vidole, macho yako yako kwa anayesimulia. Magharibi ikiadhiniwa maua yanaanza kufunguka humo humo vikapuni, na uwa wetu wa makuti, wenye moshi na mabata, unanukia kuliko nyumba za matajiri. Nililelewa katika harufu ile. Nilidhani kila nyumba hunukia hivyo jioni.

Mzee Athumani alipofariki, bendera za sherehe ya Malkia mpya wa Uingereza zilikuwa bado zinaning'inia mjini. Idd ilikuwa imepita juzijuzi. Alikuwa mume wako wa pili, na baba yangu ulimzika nikingali nanyonya. Mimi nilikuwa nimejifungua Rehema kwako siku chache kabla, basi tukawa wanawake wawili ndani ya nyumba tusiotoka nje, wewe na eda yako, mimi na arobaini yangu. Matangani chama chote kilikuja. Walipika, wakafagia, wakalala sakafuni pamoja nawe. Lakini alikuwapo na mwanamke mwingine, mgeni, wala hakuwa wa bustani. Alikutazama akidhani umesinzia, akamwambia mwenzake, "Wa pili huyu."

Hukusinzia. Mimi nilikuwa nimekushika mkono, nikauhisi ulivyokaza.

Matanga yakaondoka, harusi za baada ya Idd zikaanza, na bustani ikawa na kazi kila siku. Jioni ya kwanza tulizisikia sauti zao zinakuja kutoka kule, Bi Mwantumu anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Ulijiweka sawa juu ya mkeka. Uliniambia niweke maji ya kahawa. Sauti zikaja, zikaja, zikafika kwenye duka la fundi cherehani, pale konani petu, halafu zikakata kona, zikazungukia uchochoro wa nyuma, zikapotea.

"Wana haraka leo," ulisema.

Kesho yake zikakata kona pale pale. Na siku iliyofuata. Mboga zilikuja, sikatai. Tukifungua mlango tunakuta mchicha na bamia vimefungwa vizuri vimewekwa barazani, hodi hatukuisikia. Mara ya kwanza uliupika. Mara ya pili uliutazama ule mchicha, ukasema, "Mimi ni masikini wa kuwekewa barazani?" Hukuupika.

Mama Ana alikuja mara moja. Alikaa pembeni kabisa karibu na mlango, ananukia ndimu na jivu kama mtu aliyetoka kuparua samaki. Aliuliza habari za mtoto, habari za mgongo wako, habari za mvua. Ulipomwuliza bustani yaendeleaje, akatazama miguu yake, akasema haijambo, akaaga. Alipotoka ulicheka kicheko kibaya, mama, kicheko ambacho sikukijua.

"Umemwona Kinyozi? Hata la bustani hana uso wa kunambia. Mimi nalijua lililopo. Mkono uliozika waume wawili haumshikii ua bibi arusi. Waogopa n'tawatia nuksi biarusi wao."

Nikakwambia huenda kuna sababu nyingine. Arobaini yangu itaisha, nikasema, nitakwenda mwenyewe niulize.

"Usithubutu," ukasema. "Akufukuzaye hakwambii toka. Wataka hata neno lenyewe nilisikie?"

Arobaini ikaisha, nikataka kwenda, ukaniapiza. Ungeniapiza kwa lolote jingine ningepita, lakini uliniapiza kwa maziwa yako. Nikakaa. Na kila jioni nilikuona unavyojisogeza kwenye dirisha la chumbani sauti zile zikianza, na unavyorudi kwenye mkeka zikifika kwa fundi cherehani. Ulikuwa na kiburi, mama. Nakupenda na nakwambia: ulikuwa na kiburi cha kuvunja mwamba. Uliona afadhali ufe na kiu kuliko kuuliza kisima kiko wapi.

Eda ilipokwisha hukungoja hata jua lichomoze. Mjomba alikwisha letewa habari Mombasa, akaja. Ulioga, ukagawa nguo, na basi la asubuhi likatukuta njiani na mabunda yetu, mimi na Rehema mgongoni. Kufuli ulilifunga mwenyewe. Kule Horohoro mpakani gari liliposimama, mama mmoja muuza vitumbua akakuuliza kwa uchangamfu, "Mwenda kutembea, au mwahamia?"

"Twahama," ulimjibu, na kitumbua chake hukukila.

Mombasa ulikaa kwa mjomba, mtaa wa Majengo, mimi nikamfuata mume wangu Kilindini, na kila Ijumaa nilikuja kukutazama. Hukupanda kitu tena. Mkewe mjomba alikuletea mche wa mrehani kwenye kopo, ukausahau kwenye jua makusudi. Wewe, uliyekuwa ukiusemesha mnyanya! Akipita mwanamke amevaa kikuba, unageuza shingo. Na ulipoanza kuugua, siku ile ulipopata nguvu ukakaa, ulinishika kidevu ukanipa wasia. Nisikutilie ua. Si asumini, si waridi, si mrehani, si juu ya jeneza wala juu ya kaburi.

"Walinitoa kwenye maua ningali hai," ulisema. "Basi nisiwekewe nikiwa maiti."

Nikakuahidi. Na ulipofariki majirani walileta mrehani sinia zima, kama desturi, nikalirudisha kwa mikono yangu mbele ya watu. Walinitazama kama mwendawazimu. Ulitoka nyumbani kwa mjomba umefunikwa shuka tupu. Na moyoni nilikuwa nasema, Bi Mwantumu, Mungu akuone.

Sasa ujue nilivyoingia bustanini wiki iliyopita.

Walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha makuti, wanatunga. Chama kimekua, kuna wasichana sikuwajua. Bi Mwantumu amezeeka, macho yana ukungu, akanitazama muda.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba. Wewe mwana wa nani?" Kisha akaitupa sindano. "Ee! Ndiwe Zuhura! Na mamako yu wapi? Bado amenuna? Mwambie nami nimenuna, na kwa kununa hanishindi. Mtu aondoka bila kwaheri kama mwizi! Sisi tulimkosa nini?"

Nilikwambia nilikwenda na maneno yangu mdomoni. Yalikauka yote. Hawakuwa na habari, mama. Hakuna aliyewaambia.

"Mama amefariki," nikasema. "Mwaka wa pili huu."

Bi Mwantumu hakulia. Alianza kuokota tumba zilizomwagika mapajani, moja moja, anazirudisha kikapuni, na nyingi zikaanguka tena. Mama Ana ndiye aliyesimama akanikumbatia. Ndipo hasira zangu zikarudi, maana mtu akikumbatiwa ndipo hulia. Nikawaambia yote. Nikasema nyinyi ndio mliomkimbia. Miezi minne mizima mkikata kona kwa fundi cherehani, mkimwekea mboga barazani kama ombaomba, kwa kuwa amefiwa mara mbili mkamwona nuksi. Alikuwa akiwasikia kila jioni.

Wale wasichana wakainama. Halafu Mama Ana akamgeukia Bi Mwantumu, akasema taratibu, kwa ile lafudhi yake ya milimani, "Ilikuwa harufu. Kumbe hakujua ilikuwa harufu."

Mama, ilikuwa harufu.

Mtu wa eda hatii manukato, havai ua, hajipambi. Hilo unalijua kuliko mimi. Basi wao walikaa siku ile matanga yalipoondoka, Bi Mwantumu akasema, tukipita na asumini mlangoni kwake tunamtesa. Anazipenda kuliko sisi sote, na mfiwa hafai kupitishiwa harufu ya harusi. Wakakubaliana kuzungukia nyuma, wakatungie kwingine. Njia ile ni ndefu na ina matope, na waliipita kila siku na vikapu kichwani kwa ajili yako. Wasingeweza kuja kukaa nawe kwa sababu harufu ilikuwa kwenye nguo zao, kwenye nywele, kwenye vidole, na msimu ule hawakupumzika hata siku moja. Bi Mwantumu akileta mboga anaziweka barazani anakimbia, upepo usimtangulie ndani. Mama Ana alishindwa kuvumilia. Aliomba siku moja asichume, akajisugua mikono kwa jivu na ndimu mpaka ikachubuka, na kabla ya kuja akaonywa: usimtajie maua, utamwumiza.

"Mimi niliwaambia tumpelekee neno," Mama Ana alisema. "Wakaniambia, neno la nini, nani asiyelijua hilo?"

"Nani asiyelijua!" Bi Mwantumu akasema. "Mtu mzima wa Kiislamu, mwenye eda, aambiwe kwamba asumini yanukia?"

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mwanamke yule unayemjua, mpaka watu wa njiani wakasimama. Alinisimulia siku ya mwisho wa eda yako. Walizihesabu siku zile kwa mwezi, kila mmoja na hesabu yake, hawakutaka kuchelewa hata kidogo. Mashina yako walikuwa wameyapalilia na kuyanywesha wao kwa zamu. Siku ile waliyachuma yote, wakatunga koja la maua yako mwenyewe, wakaja baada ya alasiri na vigelegele, kwa njia ya mbele, kukutoa ndani na kukupeleka bustani. Wakakuta kufuli.

"Tukadhani umekwenda kuoga baharini," alisema, na sasa alikuwa anasema nawe, si nami. "Tukakaa pale barazani kama wajinga tunakungoja, mpaka maua yakafunguka mapajani mwetu. Jirani akatwambia mmehama. Nikasema, kumbe alituchoka. Kumbe sisi kwake tulikuwa si kitu."

Ndiyo hayo, mama. Wewe ulikufa ukijua walikutupa, na wao wameishi miaka yote hii wakijua uliwatupa. Na hakuna aliyemtupa mwenzake. Kila mmoja alikaa kwake na jeraha lake, heshima zimejaa mpaka pomoni, na wa kuuliza hakupatikana. Nawakasirikia, na sipati pa kuishikia hasira yenyewe. Nakukasirikia wewe, kisha nakumbuka ulivyokuwa ukijisogeza dirishani, hasira inayeyuka.

Nilipoaga, Bi Mwantumu aliniomba kitu kimoja. Baba Rehema akipata safari ya Mombasa, achukue koja, alilaze juu ya kaburi lako. Nikamwambia wasia wako. Nilidhani atabishana, maana hakuna alilowahi kuambiwa asilibishie. Aliniuliza tu, "Alisema kwa mdomo wake? Hata asumini?" Nikamwambia asumini ndiyo uliyoitaja ya kwanza. Akatikisa kichwa. Akasema wasia wa maiti hauvunjwi, hata ukiwa umejengwa juu ya kosa, na akanisindikiza mpaka njia kubwa.

Wameniomba nijiunge na chama. Sijui. Jumamosi nilipita kwa mbali nikawaona wanalima, nikarudi. Labda nitakwenda mvua zikianza. Rehema ndiye anayenisumbua, anataka kujua kwa nini bibi yake ana marafiki wengi namna hii na yeye mjukuu hajapata kuwaona.

Nakuombea, mama, Mola akupanulie ulipolala na akupe makao yasiyo na dirisha la kuchungulia watu wanaopita. Nalala na kuamka na jambo moja. Bi Mwantumu amekwisha kujua. Mama Ana amejua, mtaa umejua, hata wale wasichana wasiokuona kwa macho wanajua kwamba ulipendwa. Wewe peke yako ndiye uliyeondoka hujaambiwa.

Mwanao uliyemwapiza kwa maziwa akakutii,
Zuhura